Densiti imetoka jibu la ajabu? Soma jibu lenyewe kabla ya kurudia jaribio

Jiwe limepimwa, hesabu imefanywa, jibu ni 0.90 g/cm³. Lakini jiwe lenyewe limetulia kwenye kitako cha silinda, limezama tangu lilipoingia. Kitu chenye densiti ndogo kuliko ya maji hakizami, kwa hiyo daftari linadanganya. Wengi hapo humwaga maji na kuanza upya, na jibu hurudi lile lile, kwa sababu aliyekosea hatua mara ya kwanza ataikosea tena. Densiti, au msongamano kama wengine wanavyoiita, ni tungamo kugawanya kwa ujazo, na kila hatua inayoharibika huacha alama yake kwenye jibu. Ukiitambua alama hiyo, unarudi moja kwa moja pale palipoharibika.

Ushuku ujazo kwanza. Mizani ya kielektroniki ya maabara ya shule kwa kawaida husoma hadi 0.1 g, ilhali silinda ya kupimia ya 100 cm³ ina alama kila baada ya 1 cm³. Kwa jiwe la gramu 60, kosa la mizani halifiki hata nusu ya asilimia 1. Ujazo wa jiwe hilo unaweza kukosewa kwa asilimia 4 au 5 bila mtu kufanya uzembe wowote.

Pima maji kabla ya kulaumu kitu

Weka silinda tupu na kavu juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha jaza maji hadi alama ya 50 cm³. Maji ya joto la chumba yana densiti ya 0.997 g/cm³ hivi, kwa hiyo mizani ionyeshe karibu 49.8 g. Ukipata kati ya 49.3 na 50.3, vifaa na macho yako viko sawa.

Ukipata pungufu, tuseme 48.8 g, kuna sababu mbili za kawaida. Huenda umesoma ukingo wa maji uliopanda kwenye kioo badala ya kitako cha mbonyeo, yaani meniskasi. Au jicho lako lilikuwa juu ya usawa wa maji: alama zimechorwa ukutani mwa silinda, mbonyeo uko katikati, na jicho likitazama kutoka juu mstari wa kuona hukata ukuta mahali palipo juu kuliko maji yenyewe. Kwa hali zote mbili unasoma 50 wakati maji hayajafika 50. Jicho likiwa chini ya usawa, kosa linageuka na mizani inazidi.

Dawa yake ni ndogo. Silinda ikae mezani (usiishike mkononi, haitasimama wima), wewe ndiye uiname. Weka kipande cha karatasi nyeusi nyuma yake, ukingo wa karatasi ukiwa chini kidogo ya uso wa maji. Kitako cha mbonyeo kitatokea kama mstari mweusi mwembamba usio na ubishi. Kwenye silinda za plastiki maji hayapandi sana ukutani, hivyo uso huwa karibu bapa. Usitafute mbonyeo usiokuwapo.

Kama bado unaishuku mizani, ongeza maji hadi 100 cm³. Upungufu ukibaki gramu moja ile ile, tatizo ni jicho au sifuri ya mizani. Upungufu ukiwa maradufu, mizani yenyewe inahitaji kurekebishwa, au alama za silinda hazijachorwa vizuri. Jaribu silinda nyingine ujue ni ipi.

Kitu kimezama, lakini densiti ni chini ya 1

Hili ndilo lile jiwe la mwanzo. Tungamo 67.3 g, maji yalikuwa 50 cm³, jiwe lilipoingia yakapanda hadi 75 cm³. Aliyepata 0.90 amegawanya 67.3 kwa 75, yaani amehesabu na maji yaliyokuwamo kuwa sehemu ya jiwe. Ujazo wa jiwe ni 75 − 50 = 25 cm³, na densiti ni 2.69 g/cm³, ambayo inaingia akilini kwa jiwe la kawaida.

Kama kutoa kumefanyika na jibu bado liko chini ya 1, angalia kama mgawanyo umepinduliwa. Ujazo ukigawanywa kwa tungamo, alumini (2.70) inatoka 0.37, chuma (7.87) kinatoka 0.13. Chukua kikokotoo, gawanya 1 kwa jibu lako. Ukiona nambari ya metali unayoijua, umempata mhalifu.

Jibu ni 1.00 kamili, na kitu si maji

Jibu hili huwafurahisha watu kwa jinsi lilivyo safi. Lishuku kuliko yote.

Sababu ya kwanza: kitu kilikuwa kinaelea. Kinachoelea husukuma maji yenye tungamo sawa na lake, si ujazo wake wote. Kipande cha ubao cha 40 g chenye ujazo wa 60 cm³ kitapandisha maji kwa 40 cm³ tu, kwa sababu sehemu ya juu iko hewani. Gawanya 40 kwa 40, unapata 1.00. Weka kizibo, nta au boya, chochote kinachoelea kitakupa jibu hilo hilo. Umepima densiti ya maji kwa njia ya kuzunguka.

Kitu cha namna hiyo lazima kizamishwe chote. Kama ni kidogo, kisukume kwa ncha ya sindano ndefu hadi kizame, na sindano iingie majini kidogo iwezekanavyo. Usitumie kidole: kidole kilichoingia sentimita 2 kina ujazo wa sentimita kadhaa za ujazo. Kama ni kikubwa, kifunge na kizito cha kuzamishia, na hapa ndipo kutoa kunapopotea tena. Zipo hatua tatu za kusoma: maji peke yake, maji na kizito, maji na vyote viwili. Tuseme 50, 58 na 87 cm³. Ujazo wa ubao ni 87 − 58 = 29 cm³. Ukitoa 50 badala ya 58, umeuongezea ubao ujazo wa kizito. Ubao wa 17.4 g wenye densiti ya 0.60 utatoka 0.47. Funga kizito chini ya ubao kwa uzi mrefu, ili uweze kuzamisha kizito kwanza, usome, kisha uteremshe ubao bila kufungua kitu.

Sababu ya pili inawapata wanaotumia njia ya mizani, ambayo nitaieleza hapa chini: kitu kimegusa kitako cha bika, yaani chombo cha maabara chenye maji. Sababu ya tatu ni bahati mbaya ya hesabu. Tufe la chuma likihesabiwa kwa kipenyo mahali pa nusukipenyo hutoa 7.87 ÷ 8 = 0.98, na mtu akaamini amepima maji.

Jibu limekosea mara 4, 8, 10 au 1000

Gawanya jibu la kitabuni kwa lako. Uwiano ukitoka nambari nzima ya namna hii, usiguse kifaa chochote. Kosa liko kwenye daftari.

Mara 4 kwa mche duara, au mara 8 kwa tufe, ni kipenyo kilichowekwa mahali pa nusukipenyo. Mara 10 ni vipimo vilivyochanganywa, upande mmoja milimita na mingine sentimita. Mara 1000 ni pande zote kuwa milimita wakati tungamo ni gramu (chuma kinatoka 0.00787), au jibu la g/cm³ linalinganishwa na la kg/m³. Kumbuka mita moja ya ujazo ina sentimita za ujazo 1,000,000, wala si 100. Lakini gramu zikigeuzwa kilogramu pia, 1 g/cm³ inakuwa 1000 kg/m³. Pungufu ya karibu mara 100 kwa kawaida ni mizani ya springi iliyosomwa kwa nyutoni: uzito umetumika mahali pa tungamo.

Kosa dogo lisilo nambari nzima linatoka kwenye rula. Ncha ya rula ya mbao iliyolika huiba milimita 1 au 2, kwa hiyo anza kupimia alama ya 1 cm, si ukingo, kisha utoe. Na kipenyo kinastahili uangalifu kuliko urefu kwa sababu kinazidishwa chenyewe: kukosea kipenyo kwa asilimia 5 kunakosesha ujazo wa mche duara kwa karibu asilimia 10, na wa tufe kwa karibu 15. Bana tufe katikati ya vipande viwili vya mbao vilivyosimama sambamba, upime umbali kati yake.

Kila kundi lina jibu lake kwa jiwe moja

Kundi la kwanza 2.2, la pili 2.7, la tatu 3.3. Jiwe ni la 13.3 g, silinda ni ya 100 cm³. Hapa hakuna aliyekosea. Kifaa ndicho kikubwa mno kwa kitu.

Tazama kwa karibu. Kila usomaji una wasiwasi wa nusu ya alama, yaani 0.5 cm³. Ujazo unatokana na kutoa usomaji mmoja kwenye mwingine, na wasiwasi wa pande zote mbili unaweza kujumlishana hadi 1 cm³. Jiwe lenye ujazo wa 5 cm³ linaweza kusomeka 4 au 6. Gawanya: 13.3 ÷ 4 = 3.3, na 13.3 ÷ 6 = 2.2. Makundi yote matatu yako ndani ya uwezo wa silinda ile.

Kurudia mara kumi na kutafuta wastani kunasaidia kidogo. Kubadilisha kifaa kunasaidia sana. Silinda ya 10 cm³ ina alama kila 0.2 cm³, kama kitu kinaingia, itumie. Kama una vitu vingi vinavyofanana, vitumbukize pamoja. Gololi moja ya kioo ya 5.4 g itapandisha maji kwa cm³ 2 au 3, na densiti itatoka 2.7 au 1.8. Gololi kumi za jumla ya 53.6 g zitapandisha 21 au 22, na jibu litakuwa kati ya 2.44 na 2.55. Kioo cha kawaida kina 2.5 hivi.

Njia bora kwa kitu kidogo kilicho kimoja tu ni kuacha kusoma uso wa maji kabisa. Weka bika yenye maji juu ya mizani ya kielektroniki, rudisha kwenye sifuri. Ning'iniza kitu kwa uzi mwembamba kutoka kwenye stendi, au mkononi ukiwa mtulivu, kizame chote bila kugusa chini wala ukuta. Gramu zinazoonekana ndizo ujazo wake kwa cm³, kwa sababu maji hukisukuma kitu juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa, na bika hubeba mrejesho wa nguvu hiyo. Mizani ya 0.1 g inakupa ujazo hadi 0.1 cm³. Kitu kikigusa chini nambari inaruka juu ghafla, na kikikaa chini chote unasoma tungamo lake lote. Hapo ndipo lile jibu la 1.00 linapozaliwa upya.

Hata kisa maarufu cha Archimedes, Mgiriki wa kale anayesemekana kugundua kwa maji kama taji la mfalme lilikuwa la dhahabu tupu au lenye fedha, kinagongana na hesabu hii. Taji la gramu 1000 la dhahabu tupu lina ujazo wa cm³ 52 hivi. Likichanganywa na asilimia 30 ya fedha linafika karibu 65. Tofauti ni cm³ 13, na kwenye chombo chenye kipenyo cha sentimita 20 tofauti hiyo ni kama milimita 0.4 za kina. Galileo, mwanasayansi wa Italia, aliona udhaifu wa aina hiyo akiwa kijana, na mwaka 1586 akaandika kuhusu mizani ya kupimia vitu ndani ya maji. Chombo kipana huficha ujazo.

Kopo la Eureka linatoa ujazo mdogo kuliko ukweli

Kopo la Eureka ni kopo lenye mdomo wa pembeni: kitu kikizamishwa, maji kinayoyasukuma hutoka hapo na kupimwa. Densiti inatoka kubwa kupita kiasi, na kila kundi linashangaa. Karibu kila mara kopo halikuwa limejaa hadi kwenye mdomo wake wa pembeni. Kopo lenye kipenyo cha sentimita 8 lina eneo la cm² 50. Maji yakiwa milimita 1 tu chini ya mdomo, cm³ 5 za kwanza zinaziba pengo hilo badala ya kutoka.

Jaza mpaka maji yamwagike yenyewe, subiri kitone cha mwisho kianguke, ndipo uweke silinda kavu chini ya mdomo. Kuanzia hapo usilisogeze kopo wala meza. Teremsha kitu polepole kwa uzi, kisha subiri tena. Vitone vinaendelea kutoka kwa muda baada ya mkondo kukatika, na vitone 20 hivi hufanya 1 cm³. Maji yakijikusanya kwenye mdomo kama kitone kinachokataa kuanguka, tone la sabuni ya maji ndani ya kopo hupunguza ugumu wa uso wake. Ukiwa na mizani, kinga maji kwenye bika iliyopimwa ikiwa kavu, upime tena: gramu moja ni cm³ moja.

Uzi wenyewe una ujazo, ila usiuogope: uzi wa unene wa milimita 1 uliozama sentimita 10 una 0.08 cm³. Kamba ya milimita 4 kwa urefu huo ina zaidi ya 1 cm³, hiyo inahesabika.

Mpangilio pia una nafasi yake. Pima tungamo kitu kikiwa kikavu, kabla ya kukizamisha. Ukianza na maji, tabaka la maji la milimita 0.1 kwenye eneo la cm² 50 ni nusu gramu ya ziada. Na jiwe lisidondoshwe ndani ya silinda ya kioo. Inamisha silinda, jiwe liteleze ubavuni, vinginevyo kitako kinapasuka au maji yanaruka.

Uso wa maji unashuka ukiwa unautazama

Kitu kinanyonya. Chaki, tofali na mbao kavu hutoa viputo mfululizo huku usawa wa maji ukishuka. Kwa tofali, pima tungamo likiwa kavu, liloweke mpaka viputo viishe (mara nyingi usiku kucha), lifute juujuu, kisha lizamishe upime ujazo. Hapo unapata densiti ya tofali zima pamoja na matundu yake. Usomaji uliofanywa baada ya maji kuingia kwenye matundu ya tofali lililoingizwa kavu unakaribia densiti ya udongo wenyewe, ambayo ni kubwa zaidi. Majibu yote mawili ni halali. Andika ni lipi umepima.

Kitu kikiyeyuka, badilisha kimiminika. Chumvi ya mawe (2.17) na sukari (1.59) hupimika kwenye mafuta ya taa, mbali na moto wowote. Ukitumia njia ya kuning'iniza kwenye mizani, gramu utakazosoma ni za mafuta ya taa, kwa hiyo uzigawanye kwa densiti yake, karibu 0.8, ndipo upate ujazo.

Mchanga nao una majibu mawili. Mchanga mkavu wa 50 cm³ ukiwa na 80 g hivi unatoa 1.6, lakini ndani ya ujazo huo kuna hewa nyingi. Umimine kwenye maji ya 50 cm³ na uso utasimama karibu na 80, si 100. Chembe zenyewe ni cm³ 30, na 80 ÷ 30 ni 2.67, jirani kabisa na kwatsi, madini yanayounda sehemu kubwa ya mchanga wa kawaida. Mimina mchanga ndani ya maji, polepole. Ukimwaga maji juu ya mchanga unafungia hewa katikati.

Mpira mzito haukupandisha maji zaidi

Wanafunzi hudhani jaribio limeharibika. Mipira miwili ya kipenyo cha sentimita 2.5, wa chuma 64 g na wa alumini 22 g, yote inapandisha maji kwa 8.2 cm³. Kilichozama husukuma maji kwa nafasi kinayochukua, basi. Ukitaka kuona tungamo likifanya kazi, tumia vinavyoelea: chupa ndogo iliyofungwa, ongeza mchanga ndani kidogo kidogo, uso wa maji utapanda kila mara mpaka chupa izame. Baada ya hapo kuongeza mchanga hakuongezi kitu.

Visingizio viwili vinavyotumika sana

Viputo: kiputo cha kipenyo cha milimita 2 kina 0.004 cm³. Vinatakiwa zaidi ya 200 kufikisha 1 cm³. Tikisa uzi viondoke, lakini usivibebeshe kosa la asilimia 20. Kiputo cha sentimita 1 kilichonaswa chini ya kitu chenye shimo ni habari nyingine, hicho kina nusu cm³. Ingiza kitu kikiwa kimeinama, shimo likitazama juu.

Joto: kati ya 20 °C na 30 °C densiti ya maji inashuka kutoka 0.998 hadi 0.996, na silinda ya shule haiwezi kuiona tofauti hiyo. Maji ya 80 °C yana 0.972. Hayo yaache yapoe kabla ya kuyapima.